Mtoto wa Agosti: aanze shule Septemba, au asubiri mwaka?

*"Shikamoo Mwalimu. Tunaishi Leicester, huu ni mwaka wetu wa tatu. Mwanangu wa kiume alizaliwa tarehe 22 Agosti. Mwakani atatimiza miaka minne, na siku chache baadaye anatakiwa aanze Risepsheni, darasa la mwanzo kabisa la shule hapa England. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Kiingereza chake ni cha nasari, cha kuombea juisi na kukatalia. Mchana bado analala. Nasari wamenishauri nimsemeshe Kiingereza nyumbani ili asipate shida. Baba yake anasema aanze tu, tukimchelewesha tutapigwa faini. Mama mkwe kutoka Tanga anashangaa kwenye simu: mtoto hata sikio hajaligusa, shule ya nini? Na mwenzangu kazini kaniambia mtoto akicheleweshwa anarushwa moja kwa moja Mwaka wa Kwanza, darasa linalofuata Risepsheni. Mimi nalea wazee, zamu za usiku, na viza yetu ni ya kazi. Mwisho wa kuomba nafasi ni Januari. Nifanye nini?"*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake wamo watu wanne wanaokushauri, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nianze na mama mkwe wako, maana yeye ndiye aliyenigusa zaidi.

Wasomaji wadogo huenda hawajui habari ya sikio. Zamani, vyeti vya kuzaliwa vikiwa adimu, mtoto akipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi ashike sikio la kushoto. Akilifikia, anaandikwa. Asipolifikia, anarudi nyumbani mpaka mwakani. Mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa kwa urefu wa mkono wake, kwa hiyo wa miaka minne hafiki. Wengi hufika wakikaribia sita au saba. Kipimo kile hakikujua lolote kuhusu akili, na kiliwarudisha nyumbani watoto wengi waliokuwa wafupi tu. Ila kilikuwa na jema moja: kilimtazama mtoto mwenyewe aliyesimama pale. England inatazama tarehe. Aliyezaliwa 31 Agosti na aliyezaliwa 1 Septemba wamepishana usiku mmoja, na shuleni wanapishana mwaka mzima.

Kwa hiyo mashaka ya mama mkwe wako si ya kishamba. Hata leo Kenya mtoto wa miaka minne yuko PP1, yaani mwaka wa kwanza wa darasa la awali, gredi ya kwanza anaingia na sita; Tanzania darasa la awali ni la watoto wa miaka mitano. Anachokosa bibi ni picha ya Risepsheni yenyewe. Anaifikiria darasa la kwanza alilolijua yeye, madawati yametazama ubao na mwalimu ana fimbo. Risepsheni bado ni hatua ya malezi ya awali: kuna mchanga, maji, rangi, jiko la kuchezea, vitabu vya picha, na katikati yake foniksi, yaani kufundishwa sauti za herufi, karibu kila siku. Lakini si nasari nyingine pia. Nasari mlezi mmoja anaruhusiwa watoto wanane wa umri wa mwanao, au kumi na watatu kama ni mwalimu aliyesomea. Risepsheni darasa linafika watoto 30 kwa mwalimu mmoja, kwa kawaida akiwa na msaidizi. Mabadiliko makubwa kwa mtoto mdogo yako hapo, kwenye idadi ya watu wazima wanaoweza kuona kwamba zipu ya koti imemshinda.

Sasa baba na faini. Hapa nimtoe wasiwasi kabisa. Nafasi ya shule huanza Septemba baada ya mtoto kutimiza minne, lakini umri wa lazima kisheria huja baadaye. Mtoto anafikia umri huo katika tarehe ya kwanza kati ya hizi tatu inayofuata siku yake ya kutimiza mitano: 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi. Wa kwako atatimiza mitano tarehe 22 Agosti, mwaka mmoja baada ya hiyo Septemba inayokutia hofu, na umri wa lazima utamkuta tarehe 31 mwezi huohuo. Mpaka siku hiyo hakuna wa kukutoza faini kwa sababu hajaandikishwa. Watoto wote waliozaliwa kati ya 1 Aprili na 31 Agosti wako hivyo, na huku wanaitwa watoto wa kiangazi.

Mwenzako wa kazini naye hakukudanganya. Sheria inakupa haki ya kusubiri. Haikupi haki ya Risepsheni baada ya kusubiri. Ukinyamaza tu, ukampeleka akiwa na mitano, wenzake wa rika watakuwa wanaingia Mwaka wa Kwanza, na shule inaweza kumweka huko. Atakuwa amekosa mwaka mzima wa foniksi na wa kuzoea, aingie darasa ambalo marafiki wameshapatana. Ili aanze Risepsheni akiwa na mitano, lazima uombe kwa maandishi apokelewe nje ya rika lake, na wenye mamlaka ya uandikishaji wakubali. Kwa shule nyingi za serikali mwenye mamlaka ni halmashauri; kwa akademi, yaani shule za serikali zisizo chini ya halmashauri, ni taasisi inayoiendesha; kwa shule nyingi za kanisa ni bodi yake. Wanatakiwa wamtazame mtoto huyu kwa hali yake, waamue kwa maslahi yake, na wakupe sababu. Wakikataa, ukapewa nafasi shule hiyohiyo lakini Mwaka wa Kwanza, huna haki ya kukata rufaa. Unabaki na malalamiko ya kawaida tu. Ndiyo maana nasema usimcheleweshe mtoto kwa ahadi ya mdomo ya mtu wa ofisi, hata awe mkarimu namna gani. Taka karatasi.

(Haya yote ni ya England. Kama una ndugu Glasgow asikuchanganye: Scotland shule hufunguliwa Agosti, mtoto ambaye hajatimiza mitano siku hiyo anaweza kusubiri, na tangu 2023 serikali inagharamia nasari ya mwaka huo wa ziada.)

Tuje kwa mtoto mwenyewe. Kwa nini miezi michache iwe jambo kubwa hivi? Fanya hesabu. Siku ya kwanza ya shule mwanao atakuwa ameishi miezi 48. Atakaa zulia moja na binti aliyezaliwa Septemba mwanzoni, aliyeishi karibu miezi 60. Binti huyo ameishi robo zaidi ya maisha ya mwanao. Kwa watu wazima ni kama kumweka wa miaka 40 na wa 50 pamoja, isipokuwa kwa watoto kila mwezi wa nyongeza unajenga kitu kinachoonekana: kukaa kimya zamu ya mwenzio ikifika, kushika maagizo mawili kwa mpigo, kushikilia haja mpaka chooni, kushika penseli kwa vidole badala ya ngumi. Mifupa midogo ya kiganja bado inaumbika. Sehemu ya ubongo inayozuia papara ni miongoni mwa zinazochelewa kukomaa kuliko zote. Haya hayaji kwa kufokewa wala kwa kufundishwa mapema.

Hatari ninayoiogopa iko hapa: watu wazima husahau tarehe ya kuzaliwa. Mwalimu mwenye watoto 30 anawalinganisha bila kukusudia, na mdogo kuliko wote anaonekana mzito au mtundu. Watafiti wa British Columbia, Canada, walionyesha mwaka 2012 kwamba wavulana waliozaliwa Desemba, mwezi wa mwisho wa rika lao la shule kule, waliandikiwa ugonjwa wa ADHD, ule wa kutotulia na kukosa makini, kwa asilimia 30 zaidi ya waliozaliwa Januari. Ubongo wa mtoto hauna habari na Desemba. Kilichotofautiana ni nani alikuwa ameketi kando yake.

Je, kusubiri kunaondoa pengo hilo? Nitakuambia ninavyoelewa, ingawa wazazi wengi hawapendi jibu hili. Mwaka 2013 IFS, taasisi ya utafiti wa uchumi ya London, ilichambua matokeo ya watoto wa England ikakuta wa Agosti wako nyuma ya wa Septemba, pengo likiwa kubwa utotoni na kupungua kadiri wanavyokua bila kwisha kabisa. Chanzo kikubwa walichokipata hakikuwa kuanza shule mapema. Kilikuwa umri wa mtoto siku anapofanya mtihani. Mtoto anayesubiri mwaka hufanya mtihani akiwa mkubwa kwa mwaka, basi atafanya vizuri kidogo kwa hilo pekee. Wizara ya Elimu nayo ilitoa ripoti mwaka 2018 juu ya watoto wa kiangazi waliocheleweshwa: kwenye kipimo cha foniksi cha maneno 40 walikuwa mbele ya watoto wa kiangazi wenzao kwa chini ya alama moja, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kwa hiyo usimcheleweshe ukitarajia awe hodari zaidi. Sababu nzuri ya kumchelewesha ni nyingine: kwamba mtoto huyu, kwa anavyoonekana sasa, atateseka kwenye darasa la watu 30, na mwaka mmoja mahali pazuri utamsaidia.

Na hapo ndipo swali lako linapogeuka. Tunauliza sana kama mtoto yuko tayari, hatuulizi mwaka wa kusubiri ataupitisha wapi. Mwaka wa nasari nzuri, yenye bustani na walezi wanaompenda, ni zawadi. Mwaka wa kukaa sebuleni na simu huku mama amelala baada ya zamu ya usiku ni hasara, na sikulaumu kwa kusema hivyo. Nimewahudumia akina mama wengi wanaofanya kazi kama yako, najua saa nne asubuhi mwili wako uko wapi.

Basi tuseme pesa, kwa sababu viza yenu ina uzito hapa. Saa 15 za bure kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, ni za kila mtoto wa miaka mitatu na minne, viza yoyote mzazi awe nayo, na zinaendelea mpaka afikie umri wa lazima. Zile saa 30 za wazazi wanaofanya kazi zina masharti, na mojawapo ni hali ya uhamiaji: kama viza zenu zote mbili zinawakataza fedha za umma, yaani misaada ya serikali, kwa kawaida hamzipati. Hivyo mwaka wa kusubiri kwenu utakuwa wa saa 15 tu, na zilizobaki mlipe mfukoni. Shule kwa upande wake ni bure siku nzima kwa watoto wote, na chakula cha mchana katika Risepsheni na madarasa mawili yanayofuata ni bure bila kuangalia kipato wala viza. Mwulize mwalimu habari ya nyama halali kama ni muhimu kwenu. Shule nyingi za Leicester zimelizoea swali hilo.

Kuhusu Kiingereza, hapa nitakuwa mkali kidogo, lakini si kwako. Ushauri wa kuacha Kiswahili nyumbani ni ushauri mbaya, hata ukitolewa kwa nia njema. Lugha ya kwanza ndiyo ghala. Mtoto anayejua kwa Kiswahili maana ya *kabla*, *baadaye*, *nusu*, *kwa sababu*, anapofika darasani anatafuta neno jipya tu la kitu anachokielewa tayari. Asiyekuwa nayo popote anatafuta neno na maana kwa pamoja. Kiingereza cha kuchezea atakipata kwa mwaka mmoja au miwili akiwa na wenzake. Cha vitabuni huchukua miaka mingi zaidi, kwa kila mtoto wa lugha mbili, aanze na minne au na mitano. Kwa hiyo Kiingereza kidogo si sababu ya kusubiri. Kwa mtoto kama wako kinaweza hata kuwa sababu ya kwenda, mradi shule iwe ya kumpokea vizuri. Wewe msimulie hadithi za sungura na fisi, mhesabie ngazi kwa Kiswahili, mwimbie. Na usishtuke akikaa kimya wiki za mwanzo darasani. Wengi husikiliza kwanza, halafu siku moja wanafunguka.

Ipo njia ya katikati ambayo watu wengi hawaambiwi. Ukikubali nafasi ya Septemba, una haki ya kuomba aanze baadaye mwaka huohuo, mwisho kabisa ni mwanzo wa muhula wa baada ya Pasaka, na nafasi yake inatunzwa. Au aanze Septemba lakini kwa nusu siku, na kwa mtoto wa Agosti nusu siku inaweza kuendelea mwaka mzima wa Risepsheni kwa sababu hajafikia umri wa lazima. Kati ya hizo mbili napenda nusu siku. Anayeingia baada ya Pasaka anakuta wenzake wameshajuana na foniksi zimekwenda mbali; wa nusu siku yupo tangu siku ya kwanza, anarudi nyumbani adhuhuri, anakula, analala. Usingizi wake wa mchana nao huenda ukawa umekwisha wenyewe kufikia Septemba. Kwa umri wake sasa ni wa kawaida kabisa.

Ukiniuliza ningemfanyaje mtoto huyu, kwa uliyoniandikia tu na bila kumwona: ningemwandaa kuanza Septemba kwa nusu siku, hadi Krismasi au zaidi. Huniambii kwamba anaogopa watu, wala kwamba hachezi na wenzake. Unaniambia ana lugha ya nyumbani, anakataa asichokitaka kwa Kiingereza, na analala. Huyo ni mtoto wa miaka mitatu. Lakini nisingefunga mlango. Peleka maombi ya kawaida kabla ya tarehe 15 Januari, na wakati huohuo peleka barua ya kuomba apokelewe Risepsheni mwaka unaofuata. Majibu unapaswa kuyapata kabla ya siku ya kugawa nafasi, tarehe 16 Aprili. Wakikubali, hujafungwa, unaangalia mtoto alivyo wakati huo, unachagua. Ukichagua kusubiri, unaondoa maombi ya mwaka huu na kuomba upya mwakani, ukijua kwamba nafasi haihifadhiwi na shule unayoipenda inaweza kujaa. Wakikataa, nafasi yake ya Septemba bado ipo.

Barua hiyo isiwe ya kulia. Andika tarehe ya kuzaliwa, eleza anavyofanya na asivyoweza bado, ambatanisha maneno ya nasari au ya muuguzi. Na kuna jambo ulilolinyamazia, nami lazima niulize: alizaliwa kwa wakati wake? Kama alitangulia, na tarehe aliyotarajiwa ilikuwa Septemba au baada yake, liandike mwanzoni kabisa, kwa sababu mwongozo wa serikali unalitambua waziwazi: asingetangulia, angekuwa rika la chini. Hapo hata mimi ningeyapima upya niliyoyasema juu.

Baba yake ajue pia kwamba kumchelewesha kuna mkia. Akifika sekondari, uamuzi wa kumwacha na darasa lake unafanywa tena na shule ile mpya. Atakuwa mkubwa kuliko wote darasani, jambo ambalo mvulana wa miaka kumi na minne anaweza kulipenda au kulichukia. Na mkirudi nyumbani Tanga akiwa na sita au saba, hakuna atakayejali; atakuwa wa umri wa wenzake.

Kabla ya Januari tembelea shule mbili tatu, asubuhi, darasa likiwa na watoto. Muulize mwalimu wa Risepsheni swali moja: "Watoto wa Agosti mnawafuatilia vipi?" Anayejua atakuambia kwamba anaandika mwezi wa kuzaliwa pembeni ya jina, kwamba hawalinganishi na wa Septemba, kwamba wadogo wanapumzishwa. Anayesema "huku wote ni sawa" ana nia njema, lakini mimi ningeendelea kutafuta.

Yapo mambo ambayo mtandaoni siwezi kuyaona, na kwa hayo usisubiri jibu langu wala Septemba. Kama kwa Kiswahili chenyewe hajaunga sentensi za maneno matatu au manne, au watu wa nje wanaojua Kiswahili hawamwelewi. Kama hageuki ukimwita kwa nyuma, anaongeza sauti ya televisheni, ana mafua na masikio yasiyokwisha. Kama hajifanyi kupika, kuendesha gari au kuwa simba. Kama kuna kitu alikuwa anakiweza akakiacha: mpeleke kwa muuguzi wa watoto wa mtaa wenu au kwa daktari wenu wa familia, uombe apimwe masikio na mtaalamu wa lugha amwone. Sema wazi kwamba tatizo liko katika Kiswahili pia, la sivyo watakuambia ni lugha mbili tu, na unaweza kuomba mkalimani bila malipo. Mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio, jambo la kawaida sana umri huu, hatasikia vizuri zaidi kwa kusubiri mwaka. Nasari nao wana mratibu wa mahitaji maalumu. Mwombe miadi, mkae chini, umweleze yote uliyonieleza mimi. Kama lolote kati ya haya limekugusa, piga simu wiki hii, kabla ya kwenda kutazama shule.